Mwalimu wa Kusimama

Watu wa senta yetu, mji mdogo wa soko milimani, walikuwa wakificha mikono walipomwona Mwalimu anakuja. Wanawake waliitia ndani ya kitenge, wanaume mfukoni, na asiyekuwa na mfuko aliifunga nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi. Haikuwa dharau. Wengi alikuwa amewafundisha mazoezi ya mwili walipokuwa wadogo, enzi shule ilipokuwa bado na mipira na kamba za kuruka, na waliendelea kumwita Mwalimu hata baada ya kustaafu. Walichoogopa ni salamu yake. Alikushika mkono, akakwambia, "Kaza," kisha akangoja. Macho yake hayakukutazama usoni. Yalitazama pembeni kidogo, kama ya mtu anayesikiliza jambo linalosemwa chumba cha pili. Baadaye alikuachia, akauliza habari za watoto, akaenda zake. Ila kama ulikuwa mzee, na siku hiyo hakuuliza habari za watoto, watu wa nyumbani kwako walianza kukutazama kwa namna nyingine.

Ilikuwa imeshaonekana. Kulikuwa na papa mmoja, mzee muuza mbao, mtu wa kifua kipana na sauti ya kujaza soko. Mwalimu alimshika mkono mlangoni mwa kanisa, kisha akamwita mwanawe pembeni akamwambia asimwache baba yake apande mlima peke yake. Mwana alicheka. Mvua za msimu ule hazikuisha kabla mzee hajateleza kwenye njia ya mlimani na kuvunjika nyonga, na alipokwisha kulazwa kitandani hakutoka tena. Baada yake ikawa vivyo hivyo kwa mama aliyeuza viazi jirani na duka langu, naye alikuwa anaonekana mzima kuliko sisi sote.

Siku moja nilimuuliza anajuaje. Alinijibu bila kujificha kwamba hakuna siri. Mkono uliolegea mara nyingi una miguu iliyolegea chini yake, na yeye alikuwa na mazoea ya kumtazama mtu anavyovuka barabara kutoka dukani kwangu hadi kanisani, anapumzika wapi, anashika nini. Mzee akianza kuburuza miguu, kuanguka kumekaribia. Baada ya kuanguka huja kitanda, na kitandani hata nguvu kidogo iliyobaki huondoka. Ni maelezo mepesi kabisa. Lakini nani katika senta yetu, miaka ile ya vita, angekubali maelezo mepesi juu ya kifo?

Halafu kulikuwa na neno lake. Vitabuni wanasema misuli. Yeye alisema nyama, kwa sababu ndilo neno ambalo wazee wenyewe walilielewa. Alisimama sokoni, akampapasa babu wa mtu paja juu ya suruali, akatangaza kwa sauti ya kawaida, kama anayesema bei ya maharage, "Nyama ya wazee inaisha. Inaisha pole pole, na hakuna muntu anaona kwenye inaenda." Akina mama waliwavuta watoto wao karibu.

Mimi ni mtu wa Butembo. Nilikuja Masisi na duka la chumvi, sabuni, mafuta, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizokaushwa, ambazo mume wangu, dereva wa lori, alinipatia kutoka Bweremana kila alipopita kandokando ya ziwa. Katika siku zangu za mwanzo pale nilifungua mlango wa duka alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala chini, nikasikia kitu kinapumua nyuma ya shule. Kilikuwa kitu kikubwa. Kilivuta pumzi, kikanyamaza, kikaitoa. Nilidhani ni ng'ombe aliyeanguka kutoka malishoni juu, nikaenda kutazama.

Walikuwa wazee, wanaume kwa wanawake, wameketi kwenye madawati yaliyopangwa uwanjani, mikono wameikunja kifuani. Ukungu uliwafika kiunoni, kwa hiyo miguu yao haikuonekana. Walisimama wote pamoja, wakatoa pumzi, wakakaa. Wakasimama tena. Mwalimu alikuwa mbele yao, kimya, akisimama na kukaa nao. Niliwasalimia. Hakuna aliyejibu. Walinitazama tu, wakiinuka na kushuka ndani ya ukungu, na nyuso zao hazikubadilika. Kwa malezi yetu, mzee asiyejibu salamu ni jambo la kutia baridi mgongoni. Nilirudi dukani nikafunga mlango, na siku ile niliuza kupitia dirishani.

Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amewakataza kusema kwa sababu walikuwa wakimaliza pumzi kwa maneno. Ndivyo ilivyokuwa kwa karibu kila jambo lake: lilitisha kwanza, maana yake ikaja nyuma, na wengi hawakungoja maana. Aliwatembeza juu ya kamba iliyolazwa chini, kisigino mbele ya vidole, kila mmoja ameweka mkono begani mwa aliye mbele yake. Aliwapandisha mlima wakiwa na mawe ndani ya magunia ya chumvi niliyompa mimi, na jiwe lilipoanza kuwa jepesi aliongeza jingine. Kesho yake hakumruhusu mtu kufanya lolote. Alisema nyama haijengwi siku ya kubeba, inajengwa siku ya kupumzika, mradi tumbo lina kitu.

Aliwafundisha pia kuinuka kutoka chini. Hili lilikuwa somo alilolipenda kuliko yote, kwa sababu alisema mzee hauawi na kuanguka, anauawa na kubaki pale alipoanguka. Aliwalaza kwenye nyasi, mgongo chini, wamefunikwa vitenge kwa ajili ya baridi, halafu akamgusa mmoja mmoja bega. Aliyeguswa aligeuka ubavu, akaweka goti, akaweka mkono, akainuka. Wengine walingoja, bila kutikisika, zamu yao. Dereva mmoja wa pikipiki alipita barabarani asubuhi kama hiyo, akaona kupitia ukungu watu wamelazwa kwa mstari na kufunikwa, akaongeza mwendo. Kufika senta iliyofuata alikuwa ameshatangaza kwamba kwetu watu wamechinjwa. Jioni ndugu zetu walifika wakilia, wakawakuta marehemu wao wanachambua maharage. Hakuna aliyecheka. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na sanda, akarudi nayo kwao ameikunja chini ya kwapa.

Mama yangu aliingia katika mambo haya kwa hasira. Nilikuwa nimemleta kutoka Butembo baada ya homa iliyomlaza msimu mzima wa mvua. Homa ilipona, miguu haikurudi. Mapaja yake yalikuwa membamba kama miti ya kupandia maharage, na ngozi ilining'inia juu yake kama nguo ya mtu mwingine. Kilichomuumiza si kutotembea. Kilikuwa choo. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, na akishachuchumaa hakuweza kuinuka. Aliniita kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, nami niliingia, nikamshika makwapa, nikamvuta. Hakuna hata mmoja wetu aliyelizungumzia. Nikaona anaacha kunywa maji. Nikimpa kikombe alikishika tu mpaka kipoe, kisha akamwagia kuku.

Mwalimu alikuja kununua sabuni akamkuta ameketi mlangoni.

"Mama, unaweza simama bila kushika kitu?"

"Kwani kuko moto?" Mama alimuuliza.

"Moto haiko. Nataka kuona tu."

"Basi utaona siku moto itakuwako."

Mwalimu hakubishana. Aliketi juu ya gunia la chumvi mbele yake, akakunja mikono kifuani, akasimama taratibu. Akakaa. Akasimama tena. Aliendelea hivyo bila neno, na wateja walioingia walimzunguka kama wanavyozunguka nguzo. Mama alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia. Alikunja mikono yake, akajitupa mbele, akainuka kiasi cha kupitisha kiganja chini yake, akarudi kwenye kiti kwa kishindo.

"Nyama ya mapaja njo imeisha, Mama," Mwalimu alisema. "Lakini ile nyama haiondoki moja kwa moja. Ukiiita, inarudi."

Mama alinigeukia akaniuliza kwa Kinande, lugha ya kwetu Butembo, kama mtu huyu ni mjinga ao ni mlozi. Sikumtafsiria Mwalimu. Alfajiri iliyofuata aliniamsha nimpeleke shuleni.

Alianza juu ya madawati mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, kiti kirefu ambacho hata mgonjwa angeweza kuinuka kutoka kwake. Kisha dawati moja. Kisha kigoda. Kisha kuchuchumaa, ameshika nguzo ya goli, halafu bila kushika. Ilichukua muda, na kulikuwa na siku alizorudi nyumbani akitetemeka miguu akaapa hatarudi. Asubuhi alipokwenda chooni peke yake alikaa huko muda mrefu kwa makusudi, nami nikasimama nje nikiogopa kuita. Alitoka, akanipita bila kunitazama, akaomba maji ya kunywa.

Mwalimu alipigana na wazee zaidi juu ya chakula kuliko juu ya mawe. Kwetu mzee akiletewa samaki ao nyama huwagawia wajukuu, yeye akabaki na mchuzi na ugali, na kila mtu humsifu. Mwalimu alikasirishwa sana na sifa hiyo. Alikuwa akiingia nyumba za watu saa ya kula, bila kualikwa, akasimama mlangoni mpaka mzee amalize sambaza zake, pamoja na vichwa vyake. Aliwaletea fromaji ya milimani, jibini ile ya maziwa ya ng'ombe inayouzwa kwa mviringo, na wazee wa Kihunde walioishi na ng'ombe maisha yao yote waliitafuna kama adhabu. Mama yangu alisema inanuka miguu ya padri. Yeye mwenyewe, Mwalimu, nilimwona akila viazi vitamu na chai tu. Samaki niliompa alimpa paka wa shule. Nilipomkumbusha maneno yake mwenyewe alisema hayo ni ya wanafunzi.

Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Aliwanyang'anya watu fimbo, lakini yeye hakutoka bila mwavuli, na mvua ikinyesha hakuufungua. Aliogopa mbwa, hata wadogo. Hakuwahi kumpa mtu pole: ukimwambia umefiwa alikuuliza umelala saa ngapi na kama umekula. Hakucheka ila mzee alipoanguka akainuka mwenyewe, na hapo alicheka mpaka machozi, peke yake, jambo ambalo halikumsaidia mbele ya watu. Hakuna aliyemgusa. Yeye aliyeshika mikono na mapaja ya senta nzima, ukimwekea mkono begani alisogea.

Sasa niseme juu ya asubuhi ya dawati la mwisho, kwa sababu ndiyo iliyoharibu mambo.

Kulikuwa na mzee mmoja mfuga nyuki, mpole, aliyependa kuketi dawati la nyuma. Mama yangu alikuwa mbele yake, naye ndiye aliyenisimulia. Katikati ya zoezi aliona Mwalimu anaondoka mahali pake mbele, anapita kati ya madawati bila haraka, anakwenda nyuma. Hakugeuka, kwa sababu ilikatazwa kugeuka. Mwalimu aliendelea kuwahesabia kwa sauti ya chini akiwa huko nyuma. Walisimama, wakakaa, wakasimama, mpaka mwisho, kama siku zote. Alipowaambia wapumzike na wageuke, walimwona amesimama nyuma ya mfuga nyuki, kiganja kimoja begani mwake na kingine kifuani, amemshikilia wima. Macho ya mzee yalikuwa wazi. Alikuwa amekufa tangu katikati ya zoezi.

Mwalimu aliwaeleza kwamba kama angewaambia pale pale, wengine wangeshtuka wakiwa nusu ya kusimama, wakaanguka. Alitaka kwanza waketi salama. Mama yangu alilikubali jambo hilo. Lakini hadithi ilipotoka uwanjani ilikuwa nyingine: Mwalimu amemfanyisha mazoezi maiti. Kufika jioni ilikuwa na mkia: maiti alisimama pamoja na wengine, akakaa pamoja na wengine. Na wale waliokuwa wakiuliza nyama ya wazee inakwenda wapi sasa walikuwa na jibu.

Wakati ule senta ilikuwa mikononi mwa vijana wa mlimani wenye bunduki, na komanda wao alikuwa mtoto wa kwetu ambaye Mwalimu alimfundisha kuruka kamba. Aliita watu uwanjani. Alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililoogopesha, kwa sababu tulijua waliopelekwa bondeni kabla ya hapo walisemeshwa kwa adabu pia. Alimuuliza Mwalimu kwa nini anapima nyama za watu, na anampimia nani. Mwalimu alianza kueleza juu ya mapaja, juu ya kuanguka, juu ya samaki, kwa utaratibu wa darasani, na kila neno lilimzamisha zaidi. Aliposema nyama kwa mara nyingine nilisikia watu wakisogea nyuma.

Ndipo Mama yangu alipoinuka kutoka kwenye nyasi, kwa goti na mkono, bila kusaidiwa, akatembea hadi mbele ya komanda. Alipandisha kitenge chake hadi juu ya goti.

"Wanasema nyama yangu ilikuliwa," alisema. "Iko hapa. Shika, uhakikishe."

Kijana alitazama chini. Hakuna mtu wa rika lake anayeweza kushika paja la mama mzee kama yule mbele ya umati na kubaki na heshima yake. Vijana wake waliangalia vilima. Mwishowe alitoa amri: Mwalimu asimguse mtu yeyote tena, na wazee wasikusanywe tena shuleni. Mwenye mzee amfungie ndani nyumbani kwake. Ilikuwa miaka ambayo amri kama hiyo ilihesabiwa kuwa huruma. Komanda mwenyewe alikuwa na bibi yake, mama mnene aliyekuwa ameanza kupanda mlima na jiwe lake. Alimrudisha ndani siku ile ile.

Karibu nyumba zote zilitii. Vijana wengi walikuwa wamekwenda Bisie kuchimba madini, waliobaki ni akina mama na watoto, na nani angetaka ugomvi? Lakini kiwanja cha Mwalimu kilipakana na uwanja wa nyuma wa duka langu, kati yetu ua wa miti mifupi. Alfajiri alitoka kwake peke yake, akageuka upande wa pili, akaanza kusimama na kukaa juu ya kigoda chake. Hakusema lolote, hakututazama. Upande wetu Mama yangu na wazee wachache wenye vichwa vigumu walikuwa tayari wameketi. Aliposimama walisimama. Nilikuwa nikipika chai kati yao, na mara nyingi nilihisi kwamba mimi ndiye nisiyepaswa kuwapo.

Vita vilikuja asubuhi, kutoka barabara ya chini. Tulisikia milio ikipanda pamoja na bonde, na baada ya muda mfupi senta nzima ilikuwa njiani kuelekea magharibi, upande wa Walikale, watoto mgongoni na magodoro kichwani. Wazee wasioweza kutembea walipelekwa kanisani na jamaa zao, wakaachiwa maji na viazi vilivyochemshwa. Watu walikuwa wakiamini kwamba hakuna mwenye silaha atakayeingia kanisani kumgusa mzee. Sikumlaumu mtu wakati ule, wala simlaumu sasa. Mgongo ni mmoja, na watoto ni wengi.

Mwalimu aliwapanga wale wa uwanja wangu kwa mstari, kila mkono begani mwa aliye mbele. Mume wangu alikuwa Goma na lori, kwa hiyo mimi nilifunga duka, nikabeba nilichoweza, nikakaa nyuma ya Mama. Wengine walitupita mbio, tukabaki peke yetu kwenye njia ya mikaratusi. Ukungu ulikuwa mzito, nilimwona Mama tu na mtu wa mbele yake. Nilisikia zile pumzi, zikivutwa pamoja na kutolewa pamoja, kama asubuhi ile ya kwanza.

Tuliwaona wenye silaha tulipokuwa tumeshafika katikati yao. Walikuwa wamelala kando ya njia, huku na huku, wamevaa makoti ya mvua. Sijui walikuwa wa nani. Mmoja aliinua bunduki, nikaona tundu la mtutu. Wazee hawakusimama, hawakuharakisha, hawakugeuza shingo. Walikuwa wamefundishwa kutogeuka. Walipita tu, mstari mmoja, na yule kijana aliyeinua bunduki alifungua kinywa, akaishusha, halafu akakunja miguu yake ili Mama yangu asiikanyage. Alifanya ishara ya msalaba. Hakuna risasi iliyolia nyuma yetu. Miezi baadaye, Walikale, nilimsikia askari mmoja akisimulia kwenye duka la pombe kwamba katika milima ya Masisi wenzake waliona wafu wakihama na mizigo yao. Nilinunua nilichofuata nikatoka.

Juu ya mgongo wa mlima Mwalimu alisimama kando akatuacha tumpite mmoja mmoja. Mama alipomfikia alimwambia asikae chini mpaka mtoni, kwa sababu akikaa miguu itakataa. Kisha akamwambia kwamba wengine wako kanisani. Akageuka akaanza kushuka, mwavuli wake mkononi. Nilimtazama mpaka ukungu ulipomfunika.

Tulifika Walikale. Kwa majuma mengi tulitembea msituni, tukilala kwenye mashamba ya watu, na wazee wote wa mstari ule walifika. Mama yangu aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alikufa Bweremana, kitandani mwake, mchana, baada ya kwenda chooni mwenyewe asubuhi.

Senta ilipotulia watu wa kwanza walirudi, nami nikarudi nao kuona duka. Komanda alikuwa ameuawa barabarani siku ile tuliyokimbia. Milango ya kanisa ilikuwa wazi. Mabenchi yalikuwa yamesukumwa ukutani, na sakafuni kulikuwa na bendeji zilizotumika na alama za matope. Fimbo za wazee zilikuwa zimeegemezwa karibu na mlango, zote pamoja, kwa mpangilio, kama watu wanavyoziacha wakiingia misa. Wazee hawakuwamo. Tulitafuta nyuma ya kanisa, bondeni, mtoni, kwenye mashamba ya mahindi. Hatukupata kaburi, wala nguo, wala damu, wala mfupa. Tuliuliza vijiji vyote vya karibu. Mwishowe jamaa walikaa matanga bila miili, na tukamkalia Mwalimu pia, kwa kuwa hakuwa na mtu.

Miaka ilipita kabla sijampata. Nilikuwa nimepeleka bidhaa Itebero, upande wa Walikale, nyuma ya pikipiki, njia ya msituni ambayo mvua hukata kila msimu. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba ya mbao, akimenya mihogo. Nywele zilikuwa nyeupe zote na mabega yameshuka, lakini nilimjua kabla hajainua uso. Naye alinijua. Aliuliza habari za Mama, nikamweleza jinsi alivyokufa, na habari ya asubuhi ile. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea kumenya, na niliona kwamba amefurahi.

Nilimuuliza juu ya kanisa. Alinieleza bila kuvutwa, kama mtu aliyengoja kuulizwa. Alipofika aliwakuta wazee wamelala sakafuni na wenye silaha wameshaingia. Walitaka jengo kwa ajili ya majeruhi wao, nao walikuwa wameanza kubishana namna ya kuliondoa lile kundi. Mwalimu aliona bishano linavyokwenda. Aliomba apewe nafasi awatoe kwa miguu yao. Wengi hawakuwa wamesimama tangu komanda alipokataza. Alipiga magoti mbele ya kila mmoja, akaweka mikono yao shingoni mwake, magoti yake yakabana magoti yao, wakainuka pamoja, kifua kwa kifua. Ilichukua asubuhi nzima. Bibi wa komanda alikuwa mzito, na mmoja wa wenye silaha, kijana mdogo, aliweka bunduki chini akaja kumsukuma kutoka nyuma. Alikuwa na mikono mizuri, Mwalimu alisema, mikono ya mtu aliyewahi kulea. Walipokwisha kusimama wote na kutolewa nje, wenye silaha walimtwika Mwalimu sanduku la risasi kichwani wakamsukuma kwenye njia ya Walikale. Alibeba hadi walipomchoka.

"Niliwaacha wanasimama," alisema. "Wote. Pale inje, mbele ya mulango."

Nilimuuliza kama walikuwa wanaweza kutembea.

Alifikiri kwanza, kwa uangalifu wake wa kazi. "Kidogo. Kama wameshikana."

"Sasa walienda wapi, Mwalimu?"

Aliacha kisu juu ya mihogo akanitazama usoni.

"Nilifikiri wewe njo utaniambia," alisema.

Nikamweleza tulivyokuta milango wazi, na tulivyotafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu, kama kulikuwa na mvua siku zile, na nilipomjibu kwamba ilinyesha alifunga macho kidogo. Nilimwomba turudi wote Masisi, nina nyumba, nina chumba. Alikataa. Alisema njia ile ya msituni inapita mbele ya mlango wake, na yeye huketi hapo kila siku, wasije wakapita asiwaone.

Niliagana naye kabla ya jua kupanda juu. Pikipiki iliingia msituni, ukungu ulikuwa bado umekaa kati ya miti, na dereva, kijana mchangamfu wa kule kule, baada ya muda aliniuliza kwa nini nageuza kichwa huku na huku, kama nimeangusha kitu.

Nilimwambia apunguze mwendo.